Diski Zilizopiga Hodi Sirisia

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilivaa viatu vya kazi kila asubuhi, nikanywa chai, kisha nikakaa kitini kuangalia ng'ombe wa jirani. Wiki ya pili mume wangu akachoka kuniona. "Mama Diana," akasema, "ama uandike yale watoto wa ofisini walikuomba, ama uchukue jembe tupalilie." Nikaona heri kuandika.

Kwa hivyo haya ni yenu, ninyi vijana mliobaki karakana ya Bungoma. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema ya kazi, hasa ile ya kutengeneza imeji za kuwashia kompyuta, ambayo siku hizi mnaifanya huku mnatafuna njugu. Mnachomeka flashi, mnabonyeza, mnatoka kununua soda, mkirudi mashine iko tayari. Sina wivu. Labda kidogo.

Nilifika karakana ya Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitoka kwenye kazi ya kupiga taipu. Karakana yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya mbegu, nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, na ilinuka dawa ya mahindi hata ukiacha mlango wazi mchana kutwa. Ndani kulikuwa na kompyuta zilizopangwa hadi dari, msaada kutoka ng'ambo kwa ajili ya shule zetu. Hata moja haikuwa na hard disk, ile diski ya tumboni inayobeba mfumo. Wenyewe walikuwa wamezing'oa kwa kuogopa siri zao zisisafiri. Basi ukiwasha mashine, inalia tiiit, inakuuliza mfumo uko wapi, na wewe huna jibu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Simiyu, mtu mfupi, koti la kaki, aliyewahi kuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye. Miaka ya kuongea juu ya kelele za mitambo ilikuwa imemwachia sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, hata kama umeketi ubavuni pake. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Unajua taipu?"

"Najua."

"Haya, keti hapo. Usiguse hiyo, na hiyo, na ile. Hiyo ingine guza tu, imeshaharibika."

Nikaiguza. Nilikaa nayo mpaka jioni nikijaribu kuifufua, nikashindwa, na nikarudi nyumbani nikimchukia huyo mzee kabisa. Kesho yake akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba imekufa. "Haijakufa," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kwao Mabanga, "imerara tu. Tafuta kitu ya kuiamsha." Hicho kitu cha kuiamsha ndicho imeji, na kimenilisha mpaka nimestaafu.

Kwa mgeni wa mambo haya nieleze kidogo. Tulitumia Linux, mfumo ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuufungua, kuubadilisha na kuugawa bila kuomba. Tulichukua kiini chake, tukaongeza skripti fupi ya kuelekeza mambo yaanzeje, tukaongeza programu ambazo mwanafunzi atahitaji, tukabana vyote kuwa faili moja. Faili hiyo ndiyo imeji. Ukiichoma kwenye diski ya CD na kuiweka katika mashine isiyo na chochote tumboni, mashine inaamka na kufanya kazi kutoka kwenye diski hiyo hiyo.

Kabla ya CD tulitumia flopi, zile diski bapa za zamani, na flopi ina nafasi ndogo kama mfuko wa shati. Tulipunguza na kupunguza. Tukatoa sauti, tukatoa printa, tukatoa lugha ambazo hakuna mtu Trans-Nzoia nzima amewahi kuzisikia, na bado kiini hakikuingia. Mzee Simiyu akawa anatembea akisema, "Toa! Toa tena!" kama anayeshusha magunia. Siku imeji yetu ya kwanza ilipoingia ikaamsha mashine, tulipeana mikono kwa heshima kama watu waliokutana kanisani, halafu mashine ikazimika.

CD zilipokuja nazo zilikuja na masharti yao. Tulikuwa na mashine moja tu ya kuchoma, na ikishaanza kuchoma hakuna mtu kugusa meza, hakuna kutembea, hakuna kufunga mlango kwa nguvu. Ikishtuka kidogo, diski imeharibika. Mzee Simiyu alikuwa anaketi mlangoni kwa kigoda kuzuia watu. "Hakuna kuingia, tunachoma!" Mama wa mandazi alidhani tunachoma nyama, akanuna mwezi mzima kwa kunyimwa. Diski zilizoharibika zilienda Mabanga kwa Mama Wekesa, mke wa mzee, aliyezitundika kwenye shamba lake la wimbi, ule ulezi wa uji, zimeremete na kufukuza ndege. Ndege wa Mabanga wamenyimwa chakula miaka mingi na kazi yetu mbovu.

Kuna desturi moja ya karakana ambayo lazima niitaje, maana ndiyo ilitutia shidani. Hatukuzima mashine. Stima ya Kitale ilikuwa na tabia zake za kukatika, na swichi za zile kompyuta zilikuwa zimechoka. Ukizima, huenda usiwashe tena. Kwa hivyo asubuhi mashine zikiwaka, zimewaka. Tukitaka kujaribu imeji mpya, tunabonyeza vitufe vya kuanzisha upya, inajianzisha ikiwa na joto lake. Tulipohamia Bungoma kufungua karakana ya pili, desturi hiyo tukaibeba pamoja na vigoda.

Sasa nije Sirisia.

Kulikuwa na shule moja ya wasichana upande huo, na mwalimu wa kompyuta aliitwa Madam Chemutai, msichana mwenyewe tu, mtu wa mlimani Elgon, mpole wa sauti lakini akishika jambo haachi. Alikuwa amechukua mashine zetu, akafundisha darasa lake tangu kidato cha kwanza, na sasa walikuwa kidato cha nne wakingoja mtihani wa taifa. Wazazi wengi hawakutaka. Baba wa msichana mmoja, Nafula, alimwambia wazi mbele ya watu: "Kompyuta itamlimia nani? Si achukue kilimo kama wenzake?" Madam Chemutai alienda kwake mara nyingi mpaka akakubali. Kwa hivyo wasichana wale walikuwa pale kwa neno lake.

Alhamisi moja akanipigia simu. "Madam, mashine zimekataa. Na karatasi ya vitendo ni Jumatatu."

Mnajua karatasi hiyo. Mtahiniwa anaketi mbele ya mashine na kufanya kazi yote humo. Mashine isipoamka, hana karatasi, na asipokuwa na karatasi somo zima limeanguka. Kila msichana alikuwa na mashine yake na hakukuwa na ya ziada hata moja. Tukapanda pikapu ya ofisi, mimi na Mzee Simiyu, tukaenda na mvua yetu na matope yetu mpaka Sirisia.

Tulikuta baridi. Tukawasha mashine. Nyingine zikaamka vizuri, nyingine zikaanza, kiini kikaingia, kisha skrini ikaandika kwamba diski ya mfumo haikupatikana, ikanyamaza. Diski yenyewe iko ndani, tunaiona! Tukaanzisha upya: ikaamka. Tukaizima, tukaiacha, tukaiwasha tena: ikakataa. Mashine iliyokuwa nzuri dakika chache zilizopita nayo ikageuka.

"Ni hizi diski," Mzee Simiyu akasema. "Tulichoma vibaya. Tuchome zote upya."

Nikabadilisha diski kati ya mashine mbili. Shida haikufuata diski.

"Basi ni stima ya huku."

"Mzee, stima si ndiyo inawasha hiyo skrini inakuambia imekataa?"

"Wewe Mama Diana umekuja kutengeneza ama kubishana?"

Tukabishana, bana, mbele ya mwalimu wa watu. Madam Chemutai alikuwa amesimama karibu na ubao, chaki mkononi, hajaandika kitu. Akangoja tumalize. Halafu akauliza polepole, "Sasa nitawaambia nini wasichana?" Nilimwonea huruma yule binti.

Nadhani alitaka tu kutuachanisha, maana aliniomba nimkimbilie nyumbani kwake nilete flopi za wasichana za kuhifadhia kazi. Alikuwa amepanga chumba kwenye boma la ajuza mmoja nyuma ya shule, mama ambaye shule nzima ilimwita kukhu, yaani bibi. Ufunguo wa chumba alikuwa nao huyo kukhu. Nikaenda mbio, sketi imejaa matope, nikafika mlangoni nikapiga hodi. Kimya. Nikageuka kurudi.

"Wewe!"

Nikasimama. Kukhu alikuwa ametokea mlangoni, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Unatoka wapi wewe?"

"Bungoma, kukhu."

"Na huko Bungoma ndivyo mnapiga hodi? Mara moja, halafu huyoo, unaenda?"

"Samahani, kukhu. Nilidhani hakuna mtu."

"Hakuna mtu! Na huo moshi huoni unatoka juu? Nani aliwasha moto, paka?" Akavuta pumzi. "Nilikuwa natafuta viatu. Mtu mzee anaamka polepole. Unaita, unangoja, unaita tena. Mamako hakukufunza?"

Mama alinifunza, na vizuri sana. Ni haraka tu iliyokuwa imenitoa adabu. Nikaomba msamaha tena, na kwa adhabu yangu nikaketishwa na kupewa ndizi za kuchemsha, maana kwake mgeni hawezi kutoka hivi hivi na kitu alichokifuata. Nikawa natafuna huku namwangalia akivaa kile kiatu cha pili. Na hapo nikaacha kutafuna.

Nilirudi darasani mbio kuliko nilivyoenda.

"Mzee, hiyo diski ipo. Sisi ndio tunaondoka mapema."

"Nani anaondoka? Si tumefika sasa hivi?"

"Skripti, Mzee! Skripti yetu! Inapiga hodi mara moja tu!"

Nikamweleza. Kiini kikishaingia, kinachukua mashine upya na draivu ya CD inaanza tena kuzungusha diski kutoka mwanzo. Draivu zile mwanzoni ziliitika upesi, lakini baada ya miaka hiyo zilikuwa nzee, zimejaa vumbi, na asubuhi ya Sirisia ina baridi. Skripti yetu inafika, inauliza mara moja, "Diski ipo?" Draivu bado inatafuta viatu. Skripti inasema haipo, inakata tamaa. Na sisi karakanani hatukuwahi kuona hayo, kwa sababu mashine zetu hazizimwi, draivu zake zina joto na zinaitika haraka.

Mzee Simiyu akataka kujionea. Alizima mashine moja, akaiacha ipoe tukinywa chai yote kwenye birika, kisha akaiwasha na kupiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaweka sikio kwenye draivu. Skrini ikaandika diski haikupatikana, na ndipo, baada ya maneno hayo, nikamwona mzee anainua kidole. "Sikiza," akasema. "Inaamka sasa. Sisi tumeshaenda, na yeye ndio anafungua mlango." Akacheka mpaka akakohoa, bado yuko chini ya meza.

Ijumaa tulikuwa Bungoma tukirekebisha. Nilitaka nimalize haraka: tuongeze kungoja kidogo kabla ya kuuliza, basi. Mzee akakataa.

"Kidogo ni ngapi? Kukhu yako alikuambia sekunde ngapi?"

"Hakuniambia sekunde. Aliniambia niangalie moshi."

"Haya. Moshi ya hii kitu ni nini?"

Tukafikiria. Draivu, hata ikiwa inasuasua, inajulikana na kiini kwamba ipo. Huo ndio moshi. Basi tukaandika hivi: maadamu draivu ipo, skripti iulize, ingoje, iulize tena, isichoke. Nikataka kuishia hapo. Mzee akaniuliza msichana aliye kwenye mtihani akiona skrini nyeusi imenyamaza atafanya nini.

"Atabonyeza swichi."

"Si ndio. Sasa mpe kitu ya kusoma."

Ndipo tukaweka kwamba kila skripti inapouliza, skrini iandike neno moja: Hodi. Na diski ikipatikana, iandike: Karibu. Si mzaha tuliokuwa tunafanya, ingawa ofisi ilidhani hivyo baadaye na kutuandikia kutuuliza maneno hayo yana kazi gani.

Stima ikapotea Ijumaa hiyo mchana, ikarudi Jumamosi, ikapotea tena. Tulichoma diski ya mwisho Jumapili watu wakitoka kanisani. Mzee Simiyu alikuwa kigodani mlangoni, na Mama Wekesa alikuwa amekuja kumuuliza kama Mungu naye anachomwa kwa CD, maana kanisani hakumwona. Naye akazuiwa kuingia.

Jioni hiyo hiyo tukazipeleka Sirisia, na Jumatatu mvua ilinyesha. Sisi hatukuruhusiwa chumba cha mtihani, na ni haki. Tulisimama nje chini ya paa, kwenye dirisha, tukijifanya tunaangalia mabomba ya maji. Msimamizi akatoa amri, mashine zikawashwa. Hodi. Hodi. Hodi. Skrini zote zikawa zinapiga hodi kama kijiji kizima kimepata wageni. Kisha Karibu ya kwanza, ya pili, halafu zikafuatana mpaka nikashindwa kuzifuata kwa macho.

Moja ikabaki. Ya Nafula.

Hodi. Hodi. Hodi. Wenzake walishaanza kupiga vitufe. Msimamizi akaangalia saa yake, akasogea. Madam Chemutai alikuwa amesimama mlangoni, na mikono yake, nakumbuka, ilikuwa imeshika fremu ya mlango kana kwamba nyumba inaanguka. Ningeweza kuingia, ningeizima mwenyewe, ningeiwasha tena. "Mzee, izimwe," nikanong'ona. Mzee Simiyu akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ndogo: "Taa ya draivu inawaka. Mwenyewe yuko."

Nafula alikuwa ameweka mikono mapajani. Hakugusa kitu. Skrini ikaandika Hodi, naye akaisoma. Ikaandika tena, akaisoma tena. Msimamizi akainama kumwambia jambo, na msichana akamjibu, tukamsikia mpaka dirishani: "Bado inaita, mwalimu."

Karibu.

Nililia pale pale kwenye mabomba. Sioni aibu kuwaambia. Mzee Simiyu alisema ni mvua, kisha akaenda nyuma ya jiko la shule akakaa huko kitambo, na aliporudi macho yake hayakuwa ya mtu aliyenyeshewa tu. Wasichana wote walifanya karatasi yao. Madam Chemutai alitupikia kuku, na kukhu akaja kula, akauliza huyu mama asiyejua kupiga hodi naye amealikwa na nani.

Miaka ilipita. Mzee Simiyu alitoka kazini kabla yangu, akarudi Mabanga kwa wimbi lake. Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Wafanyakazi wenzetu walienda kumwona kwa zamu, wakarudi wameinamisha vichwa: mzee haongei tena, haelewi, unamsalimia anakutazama tu. Mimi nilichelewa kwenda. Nilikuwa naogopa.

Nilienda baada ya kustaafu. Diski zilikuwa bado shambani, zimepauka, zinazunguka kwa upepo. Mama Wekesa alinipeleka chumbani, mzee yuko kitini, blanketi magotini, ile sauti yote imetulia. "Usijichoshe, Mama Diana," mama akaniambia. "Anaangalia tu." Akaenda jikoni kuchochea chai.

Nikaketi karibu naye. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimestaafu." Kimya. Nikamwambia Nafula amerudi Sirisia, ndiye anafundisha kompyuta kwenye chumba kile kile sasa, na anamsalimia sana. Alinitazama. Kimya. Wenzangu wote, nadhani, hapo ndipo waliponyanyuka. Nami nilikuwa nimeshashika mkoba wangu.

Nikauweka chini. Nikangoja. Nikamwambia tena, polepole: Nafula, yule wa mashine ya mwisho, anakusalimia. Nikangoja. Jikoni kuni zilikuwa zinalia, moshi ukipita juu ya mlango. Nikamwambia mara ya tatu, na ya nne, na zaidi, sikuhesabu.

Upande mmoja wa mdomo wake ukasogea.

"Nime... sikia," akasema. Akapumzika. Nikangoja. Jicho moja likaanza kucheka kabla ya uso mzima. "Nirikuwa... natafuta... viatu."